Sukari ya Nyika, Maziwa ya Mlimani

Handeni mwezi wa saba kunapoa, lakini si kwa kumkosesha mtu usingizi. Alfajiri utavuta shuka la pili, wazee wataota jua ukutani mpaka saa mbili, kisha joto litarudi mahali pake na watu watasahau kwamba walijikunyata. Mtoto aliyekulia huko, kama mimi, hukua akidhani anaijua baridi. Huijua siku anapopanda Mpale.

Mpale ni kata ya wilaya ya Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara Magharibi, kwa Wasambaa. Kutoka Handeni lami inakufikisha Korogwe mjini kwa kilomita 65. Baada ya hapo yapo mashamba ya mkonge, halafu ni kupanda. Pikipiki inanguruma gia ya kwanza, masikio yanaziba, migomba inazidi kandokando ya njia, na kwenye kona mojawapo unagundua jasho limekukauka mgongoni. Ukifika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Ni kipupwe, na mlimani kipupwe hakiji kikavu: kuna manyunyu yake, ambayo Wasambaa wameyapa jina, mluati. Nguo ukiianika leo utaianua kesho kutwa, bado ina unyevu.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa huko kabla sijazaliwa. Kila likizo ya katikati ya mwaka tulipelekwa kwake, na mzigo wetu haukubadilika: sukari kilo tano, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ikatiwa tena ndani ya kiroba. Misimu ya asali iliongezwa chupa moja ya asali. Baba alikuwa akisema neno lile lile stendi, "Hii isilowe. Mengine yote mtayakuta." Tuliporudi tulishuka na maharage, ndizi, majani ya chai na kifungu cha iliki ambacho mama alikitia kwenye kopo na kukifungua kwa siku maalumu tu.

Utotoni sikuona kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa. Nimekuja kulielewa ukubwani. Wasambaa huiita nchi yao Shambaai, na kila kilicho chini ya milima huwa ni nyika: huko ndiko kwenye joto, vumbi, mbu na homa, lakini ndiko pia kwenye nyama, chumvi na njia za biashara. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa nao miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wao mwaka 1974, ameeleza vizuri jinsi watu hao walivyopenda kujenga karibu na ukingo wa milima, ili mtu awe na migomba yake kwenye ubaridi na shamba lingine la mahindi chini nyikani. Mlima ulitaka vitu vya nyika na nyika ilitaka vitu vya mlima. Hakuna upande uliojitosheleza.

Hata simulizi ya Mbegha, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, imesimama juu ya jambo hilo. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, pande zetu hizi za Handeni na Kilindi. Alipanda milima na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Mwisho wakampa utawala, akakaa Vuga, na uzao wake, Wakilindi, ukatawala Shambaai yote. Wapo wanaoisoma habari hiyo kama habari ya wafalme. Mimi nikiisoma namwona kwanza mgeni wa kutoka nyikani, amelowa kwa ukungu, amekaribishwa motoni.

Na motoni hapo ndipo ninapotaka kumkalisha msomaji.

Nyumbani kwa shangazi mgeni haulizwi kama atakunywa chai. Akishabisha hodi, mtoto mmoja amekwisha kutumwa kuongeza maji sufuriani. Salamu za Kisambaa hazikatwi: asubuhi ni "Onga maundo," mchana ni "Onga mshi," naye aliyesalimiwa hujibu "Niwedi," kisha unaulizwa nyumba, watoto, wazazi, mvua, shamba, na wewe unauliza kwa zamu yako. Watu wa mjini huona ni maneno mengi. Lakini nimekaa jikoni pale mara nyingi, na naweza kusema kwamba salamu iliyokamilika na maji ya chai huiva pamoja. Asiye na subira ya salamu atapewa chai isiyochemka.

Jiko ni mafiga matatu katikati ya chumba, dari chini chini, na juu ya dari yamepangwa mahindi ya mbegu ambayo moshi unayalinda na wadudu. Mahali pazuri kuliko pote ni kigoda kilicho upande wa ukuta, ambako upepo wa mlangoni haufiki. Hapo hukaa bibi, mama mkwe wa shangazi. Kikombe cha kwanza ni chake, cha pili cha mgeni, halafu mwenye nyumba, halafu watoto kwa kufuata umri. Vikombe ni vya bati lililopakwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu. Waliletewa vya plastiki na jamaa wa Tanga mjini. Bibi alivikubali kwa heshima, akavitia kabatini. Cha plastiki, alisema, hakipashi mikono. Ukiwatazama wanywaji utamwelewa: kikombe hushikwa kwa viganja viwili, huletwa karibu na uso, mvuke ukapanda puani na machoni, na hupita muda kabla mtu hajapiga funda la kwanza. Baridi hutolewa mikononi kwanza.

Kinachochemshwa hutegemea nyumba ina nini. Asubuhi watoto hupewa uji. Mzazi aliyejifungua hupewa uji wa pilipili manga, mzito, wa moto hasa, siku nyingi mfululizo. Wazee wa zamani walikuwa na boha, pombe ya miwa, ambayo ndiyo iliyokusanya watu kwenye kazi za kusaidiana mashambani. Pasipo na maziwa ni chai ya rangi yenye mchaichai uliong'olewa nyuma ya nyumba, ukafungwa fundo na kutupwa sufuriani na mizizi yake iliyosafishwa. Lakini ng'ombe akiwa anakamwa, ni chai ya maziwa. Ng'ombe wa huko hatoki kwenda malishoni, ardhi yenyewe imesimama. Yuko zizini, analetewa majani ya Guatemala yanayokatwa kwenye kingo za matuta. Majani hayo hayo ndiyo yanayozuia udongo usishuke na mvua. Kwa hiyo kikombe cha maziwa mlimani ni kazi ya mundu na mgongo wa mtu, kila siku, mvua na ukungu.

Majani ya chai hayatoki mbali. Wilaya hiyo hiyo ya Korogwe ina mashamba ya chai Dindira na Ambangulu. Chai yenyewe ilianza kujaribiwa nchini na Wajerumani mwaka 1902 huko Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo walichokianzisha mwaka huo wakaleta mimea ya kila pembe ya dunia kuona ipi itashika. Iliki nayo hupandwa chini ya miti ya msitu kwenye milima hiyo hiyo ya mashariki. Hivyo shangazi akiweka sufuria, karibu kila kilichomo ni cha milima ya Tanga. Isipokuwa sukari, iliyosafiri na sisi.

Mwaka juzi nilipanda na kitu kingine. Mwenzangu wa Muheza, ambaye ana miti michache ya kakao chini ya minazi na michungwa yake, alinipa kilo moja ya mbegu kavu zilizofungwa ndani ya kitambaa. Watu wengi wa mkoa wetu wa Tanga hawajui kwamba kakao ipo mlangoni kwao. Wanajua Kyela, na ni haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka huko, pembeni ya Ziwa Nyasa, ambako wenyewe huiita kokoa. Lakini Muheza nayo inayo. Mpale haina, na haitakuwa nayo, maana mkakao unachukia baridi. Unataka joto, mvua na kivuli, kama ule msitu wa bonde la Amazon ulikotokea. Jambo hilo lilinikaa kichwani njia nzima: kinywaji ambacho dunia nzima inakihusisha na siku za baridi hutoka kwenye mti usioweza kuishi baridini. Tena nyika inaupelekea mlima kile ambacho mlima hauwezi kukiotesha.

Kazi ngumu mwenzangu alikwisha kuimaliza. Tunda likipasuliwa, mbegu zake thelathini au arobaini zimevikwa utando mweupe mtamu wenye uchachu, ambao watoto wa Muheza huufyonza kama wanavyofyonza stafeli. Mbegu na utando wake hufunikwa kwa majani ya mgomba siku tano au sita, hugeuzwa, huchachuka na kupata joto zenyewe, kisha huanikwa mpaka zikatike kwa meno. Ukiruka hatua hiyo ya kuchachusha, hata ukikaanga kwa ustadi gani, ile harufu ya chokoleti hutaipata.

Sisi tulianza na kukaanga. Shangazi alitafuta kikaango cha udongo, akapunguza kuni, tukabaki na makaa. Akawa anageuza kwa mwiko polepole, kama anavyokaanga karanga, akaniambia nisimsemeshe sana kwa sababu anasikiliza. Baada ya kama robo saa mbegu zikaanza kualika, moja hapa, moja pale. Harufu ya kwanza ilikuwa ya siki. Ya pili ya mkate. Ya tatu iliwatoa watoto wa jirani uani. Tulipoziepua, ganda likawa linatoka kwa kidole. Tukapeta kwenye ungo, upepo wa mlangoni ukachukua makapi.

Kinu tulikipasha kwa maji ya moto, tukakikausha. Hapo ndipo shangazi alipopata mshangao wa siku. Mbegu zikatwangwa, zikawa unga kama wa kahawa, nao tulitazamia uishie hapo. Lakini alipoendelea kutwanga unga ukaanza kulowa, ukashikana, ukang'aa, mwisho ukawa rojo jeusi linalotiririka kwenye mchi. Akanitazama. "Baba, umetia mafuta?" Sikutia. Nusu ya mbegu ya kakao, au karibu nusu, ni mafuta yake yenyewe, na joto la kutwanga huyayeyusha. Tukalimwaga juu ya jani la mgomba, tukalifinyanga madonge kadiri ya limau dogo, tukayaacha usiku kucha juu ya meza. Asubuhi yalikuwa magumu kama sabuni. Nilikuja kujaribu kazi hiyo hiyo Handeni mwezi wa pili, madonge yakabaki laini na kupaka mikono mafuta siku nzima. Mafuta ya kakao yanaanza kulegea kwenye joto la kawaida la mchana wa nyikani. Baridi ya Mpale ilitufanyia kazi ya friji.

Kupika ni hivi, kwa watu sita. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba hupondwa ikachemshwa vizuri kwenye nusu lita ya maji, pamoja na iliki nne na kijiti cha mdalasini. Tangawizi itangulie na ichemke, kwa sababu ikikutana mbichi na maziwa itayakata. Kisha lita moja ya maziwa, na chembe ya chumvi. Donge moja hukwanguliwa kwa kisu ndani ya bakuli, likakorogwa na maji ya moto kidogo mpaka liyeyuke, ndipo limiminwe sufuriani. Sukari huja mwisho, kwa kuonja. Halafu unachukua upekecho.

Upekecho wake shangazi alitoka nao Handeni siku ya kuolewa. Ni kijiti chenye panda tatu kichwani, tunachopekechea mlenda. Aliusimamisha sufuriani, akauzungusha kati ya viganja kwa kasi, na povu la rangi ya udongo likapanda mpaka ukingoni. Mexico, ambako watu walikunywa kakao kwa pilipili miaka mingi kabla ya sukari kufika kwao, wanacho kijiti cha kazi hiyo hiyo, wakikiita molinillo. Shangazi hajapata kusikia habari za Mexico. Mikono yake ilijua.

Kikombe cha kwanza alipewa bibi. Alikishika kama anavyoshika vingine, akaacha mvuke umpande, akapiga funda moja, akanyamaza. Jiko zima lilikuwa linamtazama. Akapiga la pili. "Ina mafuta," akasema. "Inakaa tumboni." Kisha akainua kikombe kidogo kwa shangazi, "Hongea," yaani ahsante, akaendelea kunywa. Hakuna hukumu iliyonifurahisha kama ile, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Mafuta hayo ndiyo viwanda vinavyoyaondoa, tangu kina Van Houten wa Uholanzi walipopata hati ya mashine ya kuyakamua mwaka 1828. Unga unaobaki ndio unaoingia kwenye makopo, na makopo mengi tunayonunua madukani kwa jina la kinywaji cha chokoleti, ukisoma nyuma, kinachotangulia ni sukari au kimea. Kakao imo, lakini kwa mbali. Mtoto wa Korogwe anakua akijua chokoleti ni kitu cha Ulaya, na huku mti wenyewe unazaa kwa jirani yake wa Muheza.

Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, na naona pia linarekebishika. Ghana husimulia habari ya fundi wao, Tetteh Quarshie, aliyerudi kutoka kisiwa cha Fernando Po akiwa na mbegu za kakao. Leo Ghana na jirani yake Ivory Coast ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Hata hivyo kulima ni jambo moja, kunywa ni jingine. Wako wakulima wengi wa kakao Afrika ambao hawajaonja chokoleti. Kinu, kikaango na ungo tunavyo kila nyumba. Hakikosekani chombo hata kimoja.

Sisemi kakao iondoe chai. Siku zile nilizokaa Mpale chai iliendelea kupikwa kila asubuhi, na kakao ilitoka jioni moja moja, ukungu ulipozidi. Kijijini kuna mtambo mdogo wa umeme wa jua uliojengwa na kampuni ya Ensol, na taa zinawaka, simu zinachajiwa, redio inaimba. Lakini kuchemsha maji hula umeme mwingi, kwa hiyo sufuria imebaki juu ya mafiga, na watu wamebaki kuizunguka. Nilifurahi kuona hivyo. Kwa shangazi sufuria hupimwa kwa idadi ya waliopo na mmoja zaidi, ambaye bado hajulikani ni nani. Jioni mojawapo ya kakao mmoja huyo alikuwa jirani aliyekuja kuazima koleo. Akakaa mpaka saa tatu usiku, koleo likabaki mlangoni.

Nilipoondoka, madonge manne yalikuwa yamebaki. Shangazi aliyatia kwenye kopo, akalipandisha darini karibu na mahindi ya mbegu, akaniambia bibi ameuliza nitarudi lini.

Nawe ukipata safari ya Mpale mwezi wa saba, nenda na koti, na usiende mikono mitupu. Wapelekee sukari, na ukipitia Muheza, nusu kilo ya kakao kavu. Zifunge vizuri zisilowe. Maziwa, iliki, kuni na mtu wa kukutengea kigoda utavikuta.